Kilo Saba Zilizopotea Kawangware

Nyinyi vijana mkinikuta hapa Sarang'ombe, Kibera, nimekaa nje na miwani yangu, mnasema "Niaje Madam," halafu kabla hata sijajibu mmeshanisukumia laptop mapajani. "Madam, hii kitu imekataa. Inasema haioni maktaba." Nami nacheka, maana hayo maneno nimeyasikia tangu enzi nikiwa na meno yote. Mimi nimestaafu. Hayo maneno hayajastaafu.

Leo sitawatengenezea. Kaeni niwaambie kitu, na yule mwenye simu aiweke chini.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za biashara. Maduka ya jumla, bekari, kliniki, magodauni. Karibu zote zilikuwa na lugha mbili ndani. Juu, pale mtu anabonyeza na kusoma, tulitumia Java. Chini, pale unaongea na chuma chenyewe, mizani au printa, tulitumia C. Java haikujua kuongea na mizani yetu, C ilijua. Kwa hivyo unaandika kipande chako cha C, unakifunga kiwe faili moja, na hiyo faili ndiyo maktaba. Programu ya Java ikiamka, inaenda kuitafuta.

Inaitafuta wapi? Hapo ndipo mnapotoka jasho. Kompyuta ina orodha ya folda. Inaingia ya kwanza, inaangalia, haipati, inaenda ya pili. Ikikuta faili yenye lile jina, inachukua hiyo hiyo na safari imeisha. Haiulizi ni ya lini. Haiulizi aliiweka nani. Hiyo orodha ndiyo njia ya maktaba, na mimi Ndinda, mtoto wa Machakos, mwanamke wa kanisa, hiyo njia ilinifanya nisimame mbele ya watu nikasaidia kumwita mtu msafi mwizi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa. Alikuwa na sweta moja ya kijani, jua kali au baridi ya Julai ni ile ile. Mimi nilikuwa mpiga taipu tu, nikimletea chai, mpaka siku moja akaniuliza kwa nini naitazama skrini kuliko ninavyotazama chai. Akanivutia kiti. Mzee Barasa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuna moja alinirudia mpaka nikachoka: "Programu ikikusumbua, usiizime kwanza. Iangalie ikiwa hai. Iulize imeshika faili gani." Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Kitu kikileta nyef nyef, kikigoma, nazima, nawasha, inafanya kazi, naenda nyumbani. Yeye akitikisa kichwa. "Umeua shahidi, Ndinda."

Nilimsikiliza nusu. Kuna bekari moja Kawangware nilihangaika nayo siku mbili nzima. Maktaba ipo, folda ni sahihi, jina ni sahihi, na Java inalia haioni. Mzee akaja, akaangalia dakika tano, akaniuliza: "Hii maktaba uliifunga ya biti ngapi?" Thelathini na mbili. "Na Java yako?" Sitini na nne. Kumbe inaiona vizuri sana, haiwezi tu kuishi nayo nyumba moja. Alicheka mpaka akakohoa, mwenye bekari akatupatia mkate wa moto. Hilo lilikuwa kosa la kuchekwa. Nililizoea kosa la aina hiyo, nikadhani yote yako hivyo, yanaisha na mkate.

Sasa twende godauni.

Ilikuwa Kawangware, godauni la maharagwe na mahindi. Mwenyewe tulimwita Bosi tu. Lori likifika, watu wa mkono wanapakua magunia, wanayapanga manne kwenye troli, troli inapanda juu ya mizani kubwa ya sakafuni. Maktaba yangu ya C inasoma mizani, inaondoa uzito wa troli, na Java inaonyesha uzito wa magunia pekee. Gunia ni kilo hamsini. Manne, mia mbili. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Aliyekaa hapo kwenye mizani ni Mama Atieno. Mjaluo, mjane, anakaa Gatwekera, huku huku Kibera, na kila asubuhi alikuwa anatembea kutoka Gatwekera mpaka Kawangware, na jioni anarudi vile vile kwa miguu. Mwanamke wa sauti kubwa. Ukipanga gunia vibaya unaitwa majina yote mpaka la babu yako. Watu wa mkono walimwogopa na kumpenda, na mimi nilimpenda pia kwa sababu alikuwa anaandika kila kosa la programu kwenye daftari, saa na siku, bila kuambiwa.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kosa langu lilifanyika mara mbili, na kila mara lilionekana kama akili.

Mara ya kwanza ni siku ya kuweka programu. Java ilikataa kuona maktaba. Nikajaribu hiki, nikajaribu kile, njaa inaniuma. Mwishowe nikainakili ile maktaba nikaitupa kwenye folda kuu ya mfumo, kule Linux, mfumo wa ile mashine, inatafuta bila kuambiwa. Ikafanya kazi. Nikajiambia ni kwa muda tu, nitaitoa kesho. Hiyo kesho mnaijua.

Mara ya pili ni baadaye sana. Bosi alinunua troli mpya. Za zamani zilikuwa chuma kizito, kilo thelathini na mbili. Mpya zilikuwa nyepesi, kilo ishirini na tano. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimeandika uzito wa troli ndani ya C yenyewe, kwa hivyo ilibidi nibadilishe nifunge maktaba upya. Nikafunga. Lakini ili kuiweka kwenye folda kuu nilihitaji paswadi ya mwenye mashine, na paswadi ilikuwa kwa Kevo, mpwa wa Bosi, na Kevo alikuwa ameenda matanga Busia, simu imezima. Nimngoje wiki nzima? Magunia yako kwa mlango! Nikaweka maktaba mpya kwenye folda yangu mwenyewe, nikaandika kwenye mipangilio yangu kwamba njia ianzie hapo. Nikawasha programu kwa mkono wangu. Mia mbili, safi. Nikaiacha ikiendelea, nikarudi zangu Kibera. Kevo aliporudi kutoka matanga nilikuwa nimeshasahau.

Mmeshaona? Sasa kuna maktaba mbili zenye jina moja. Mpya inajulikana tu na programu iliyowashwa na mimi. Mtu mwingine yeyote akiiwasha, au mashine ikijiwasha yenyewe, inaenda kwenye folda kuu na kuchukua ile kuukuu inayoondoa kilo thelathini na mbili za troli ya zamani. Kilo saba kila troli, zimeenda hewani.

Ilikaa sawa miezi, kwa sababu hakuna aliyeizima. Halafu stima ikapotea Kawangware, ikapotea sana, mpaka betri ya akiba ikaisha. Stima ikarudi, mashine ikajiwasha, programu ikajianzisha yenyewe kama nilivyoipanga siku ya kwanza. Na maharagwe yakaanza kupungua.

Bosi alinipigia simu. "Madam, kuja. Ama programu yako inaiba ama watu wangu wanaiba." Nikaenda. Nikaingia kwa jina langu, nikaizima programu, nikaiwasha, nikaomba troli ipandishwe. Mia mbili. Tena. Mia mbili. Tukarudia mara sita.

"Programu iko sawa," nikamwambia Bosi. Nilisema kwa kifua, jamani. Nilijisikia.

Na si ilikuwa sawa tena kutoka siku hiyo? Maana niliacha ile niliyoiwasha mimi. Wiki mbili hakuna kilo iliyopotea. Bosi akaona ameelewa: mwizi ameogopa kwa sababu Madam alikuja. Halafu stima ikapotea tena, na kilo saba zikarudi, kila troli, kila lori. Basi Bosi hakuhitaji kingine. Kuna kale kachuma kenye ncha ka kuchoma gunia ili utoe maharagwe kidogo uyaangalie. Kalikuwa kanakaa kwenye droo ya Mama Atieno, ni kazi yake. Bosi akasema huyu mama anachoma magunia kabla hayajapimwa.

Akaniita mara ya pili. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, watu wa mkono wote wamesimama. Mama Atieno ameketi mahali pake, daftari limefungwa mapajani.

"Madam Ndinda," akaniambia, na sauti yake siku hiyo ilikuwa chini, "mimi si mtu wa kompyuta. Lakini ni stima. Nimeandika hapa. Stima ikipotea ikirudi, hii mashine inaamka ikiwa mtu mwingine. Ukikuja wewe inakuwa mzuri. Angalia tarehe, tafadhali."

Akaninyooshea daftari.

Sikulishika. Nilicheka. Nasema hivi bila kujipaka mafuta: nilicheka mbele ya watu. "Mama, kompyuta haina mapepo." Watu wakacheka pia, hata wale waliompenda, kwa sababu kicheko cha Madam ni ruhusa. Nikaingia kwa jina langu, nikazima, nikawasha, nikapima. Mia mbili. Bosi akaniuliza, "Uko sure?" Nikasema niko sure.

Akamwambia Mama Atieno avue dastikoti, koti lake la kazi, aende, na ashukuru hajaitiwa polisi. Aliivua. Aliikunja vizuri akaiweka juu ya kiti. Mimi nilikuwa nafunga begi langu, nina haraka ya kufika sokoni kabla mboga hazijanyauka.

Siku tatu baadaye, simu ya Bosi. Stima ilikuwa imepotea Jumatatu. Kwenye mizani sasa anakaa Kevo mwenyewe, damu yake. Na kilo saba zimepotea.

"Kevo anaweza kuniibia?" Bosi aliuliza. Kwa huyo aliuliza, mnaona? Kwa Mama Atieno hakuuliza.

Asi! Mzee Barasa alikuwa ameshaaga dunia, lakini siku hiyo nilimsikia kama yuko nyuma ya kiti. Nilifika godauni, na kwa mara ya kwanza sikuzima kitu. Niliacha programu ikiendelea, nikauuliza mfumo: hii programu inayokimbia sasa hivi, imefungua faili gani? Linux inakwambia, vijana. Ni amri ya mstari mmoja. Inakupa orodha nzima na folda zake. Niliteremka na kidole mpaka nikaiona maktaba ya mizani. Folda kuu. Ile ya siku ya kwanza, ya njaa, ya nitaitoa kesho.

Nilikaa hapo nikitazama mstari mmoja wa maandishi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ya harusi yangu mume wangu alipochelewa kutokea saa tatu nzima. Kila nilipokuja kupima, nilikuwa napima programu yangu. Ile ya Mama Atieno sikuwahi kuipima hata mara moja. Nilikuwa naiua kwanza, halafu naapa kwamba haikuwa na ugonjwa.

Nikamwambia Bosi yote. Alikuna shingo. "Sawa. Tengeneza. Huyo mama mwambie kazi yake iko, arudi tu polepole. Hakuna haja ya kuambia hawa watu wa mkono, wataanza kudharau." Nikamwambia nitatengeneza kesho asubuhi. Kwanza nina mahali pa kwenda.

Gatwekera nilimkuta nje ya mlango wake anafua. Hakusimama. Mtoto wa jirani aliniletea kigoda, nikakaa, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho: folda mbili, troli, Kevo na matanga, stima. Nilisema nisamehe, mama. Nililia kidogo, sitawaficha. Yeye aliendelea kusugua kola ya shati.

"Kwa hivyo ni stima," akasema.

"Ni stima. Ulikuwa sawa."

"Mimi nilikuwa najua, Madam. Hukukuja kuniambia kitu sijui." Akakamua shati. "Unajua kanisani wamenichukua ufunguo wa kabati ya vikombe? Ya vikombe, yawa! Miaka yote nimekaa na huo ufunguo. Wakasema ni zamu ya mtu mwingine sasa. Hakuna mtu ameniita mwizi. Wamechukua tu ufunguo."



"Bosi anasema urudi kazini," nikamwambia. "Polepole."

Hapo ndipo alisimama. "Polepole namna gani? Niliondoka na mlango mkubwa, watu wote wakiangalia. Wewe ukicheka." Akaniangalia moja kwa moja. "Hiyo mashine umeshatengeneza?"

"Bado. Kesho."

"Basi usitengeneze. Ningoje."

Kesho yake alikuja saa nne, lori likiwa mlangoni, watu wa mkono wote wapo. Alikuwa amevaa nguo ya Jumapili, na nyuma yake wamama watatu wa kanisa aliowatoa huko Gatwekera kwa miguu. Bosi akatoka ofisini, akafungua mdomo, nikamtangulia. Nikasema kwa sauti: watu wangu, huyu mama hakuiba. Nilikosea mimi. Na sitawaomba mniamini, atawaonyesha mwenyewe.

Mama Atieno akawapanga kama zamani. "Wewe, gunia nne. Hapana, hiyo imeraruka, weka nyingine. Pandisha." Halafu akaniambia, "Madam, washa yako." Nikawasha kwa jina langu. Skrini: mia mbili. Akawaita wale wamama waje wasome. Wakasoma.

"Hakuna mtu aguse gunia. Kevo, zima stima. Kwa ukuta, zima kabisa." Kevo akamtazama Bosi, Bosi akatazama chini, Kevo akazima. Tukangoja. Sijawahi kuona mashine ikichelewa kuamka kama siku hiyo. Watu ishirini wanachungulia skrini, na troli imekaa pale pale na magunia yake manne. Ikaamka. Programu ikajifungua yenyewe, hakuna mkono ulioigusa.

Mia moja tisini na tatu.

Alisoma yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake kubwa, tarakimu moja moja. Halafu akamgeukia Bosi. "Hizo kilo saba ziko wapi? Nichunguze. Wamama wako hapa, watakusaidia kunichunguza."

Bosi akasema, "Mama, pole." Ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. Mmoja wa watu wa mkono akaanza kupiga makofi, mwenzake akamkanyaga mguu, halafu huyo mwenzake naye akapiga. Mimi nilisimama karibu na skrini nikitamani sakafu inimeze.

Kutengeneza kulichukua muda mfupi kuliko chai. Nilifuta maktaba kuukuu, nikaweka mpya mahali pamoja tu, na njia yake kamili nikaiandika ndani ya faili inayoanzisha programu, ili akiwasha yeyote, iwe ile ile. Uzito wa troli nikautoa kwenye C nikauweka kwenye faili ya mipangilio. Na nikaifundisha maktaba ijitaje: kila inapofunguliwa, Java inaandika kwenye kona ya skrini imetoka folda gani na ni toleo gani. Mtu wa mizani anaweza kusoma. Fanyeni hivyo. Na mkienda kupima kitu, kipimeni vile anavyokitumia mwenyewe, kwa jina lake, kwa kiti chake, baada ya stima yake kupotea. Na akikunyooshea daftari, lishike.

Mama Atieno hakurudi pale kazini. Bosi alimwomba mara mbili. Siku hizi anauza omena, dagaa wa ziwa, huku Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, ana meza yake na mwavuli, na ule ufunguo wa vikombe alirudishiwa. Mimi hununua kwake kila Ijumaa. Anapima kwa mkebe. Anaujaza mpaka unamwagika, anabonyeza juu kwa kiganja, anaongeza konzi nyingine juu ya hiyo, halafu anausimamisha mkebe mbele ya uso wangu kabla hajaumimina.

"Angalia vizuri, Madam. Imefika?"

"Imefika, mama."

"Uko sure?"